Runinga na kelele kwenye baa na migahawa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wenye baa na migahawa, mameneja, mafundi, wateja na majirani. Mifano mingi ni ya Tanzania. Pale Kenya inapokwenda tofauti, tumetaja.

Muziki umezimwa, runinga zimezimwa, lakini mgahawa ukijaa hakuna anayesikilizana. Kwa nini?

Kwa sababu chumba chenyewe ndicho kipaza sauti. Marumaru sakafuni, gipsamu darini, kioo mbele, kuta za plasta zilizopakwa rangi inayong'aa, meza tupu zisizo na kitambaa: hakuna mahali sauti inapoweza kufia. Inagonga, inarudi, inagonga tena. Meza ya kwanza inaongea kawaida, meza ya pili inapandisha ili isikike juu ya ya kwanza, na ya kwanza nayo inajibu kwa kupandisha zaidi. Daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alilieleza jambo hili mwaka 1911: mtu akiwa kwenye kelele hupandisha sauti bila hata kujua. Ndiyo maana kuwabandikia wateja tangazo la "tuongee polepole" hakusaidii kitu.

Jipimie mwenyewe asubuhi kabla hujafungua. Simama katikati, piga kofi moja kavu, nyamaza. Kofi likiendelea kulia kwa zaidi ya sekunde moja hivi, umeshapata mgonjwa wako.

Kwa wanaopenda hesabu: chukua ukumbi wa mita 10 kwa 8, dari mita 3. Ujazo ni mita 240 za ujazo. Muda wa mwangwi kufifia ni 0.161 mara ujazo, ugawe kwa ufyonzaji wote wa chumba. Nyuso zikiwa ngumu kiasi cha kufyonza asilimia 4 tu, ufyonzaji wa chumba kitupu ni kama mita 11 za mraba, na mwangwi ni sekunde 3.6. Wakiingia watu 30, kila mmoja akifyonza kama mita za mraba 0.4, mwangwi unashuka hadi sekunde 1.7. Bado ni mwingi mno kwa mahali pa kula na kuongea. Funika nusu ya dari, yaani mita 40 za mraba, kwa kitu kinachofyonza asilimia 80, na watu wale wale 30 watajikuta kwenye sekunde 0.7. Kelele iliyomo inashuka kwa karibu desibeli 4 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) mara moja, kisha inashuka zaidi kwa sababu hakuna tena anayelazimika kupaza sauti.

Kitu hicho cha kufyonza ni kipi, na kinatengenezwaje?

Fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 120, kina sentimita 5. Ndani jaza pamba ya madini, ile ya vipande vilivyoshikana wanayotumia mafundi wa viyoyozi na vyumba vya baridi, uzito wa kilo 50 hadi 60 kwa mita ya ujazo. Vaa glovu na barakoa unapoikata, inawasha. Nyuma ziba kwa kitambaa chepesi ili nyuzi zisidondoke kwenye chakula cha watu, mbele vika kitambaa cha mapambo. Kila fremu ni mita za mraba 0.72, kwa hiyo nusu ya dari ya mfano wetu inataka fremu 56 hivi.

Kitambaa kina siri yake: lazima kipitishe hewa. Kibane mdomoni upulize. Pumzi ikitoka upande wa pili, sauti nayo itapita na kufyonzwa. Ikikwama, umetengeneza ukuta mwingine wenye rangi nzuri. Gunia la katani au jute linafaa sana, kanga iliyokwishafuliwa inafaa, ngozi ya bandia haifai kabisa. Na usizigandamize fremu darini. Ziache zining'inie sentimita 5 hadi 10 chini yake, zitafanya kazi pande zote mbili.

Kama pesa haitoshi kwa zote, anza juu ya meza zinazojaa kwanza, kisha ukuta unaotazamana na kioo. Kuvika meza vitambaa vizito na kubandika mpira chini ya miguu ya viti kunasaidia kidogo. Hasa viti, kwa sababu chuma kikiburuzwa juu ya marumaru kinatoa mlio mkali kuliko spika.

Trei za mayai je? Au sponji ya godoro?

Trei za mayai ni za mayai. Ni nyepesi mno kuzuia sauti isitoke, na kufyonza kwake ni kwa sauti nyembamba tu. Besi inazipita kama hazipo.

Sponji ya godoro inafyonza kweli, lakini usiiweke. Inashika moto upesi, na moshi wake unaua kabla ya moto wenyewe. Mwaka 2003 klabu moja ya usiku huko Rhode Island, Marekani, iliungua ikaua watu 100. Mwaka 2013 klabu nyingine mjini Santa Maria, Brazil, ikaua 242. Zote mbili zilikuwa na sponji ya sauti ukutani au darini, na zote ziliwashwa na fataki za jukwaani. Nyumba yenye jiko la mkaa, mitungi ya gesi na waya zilizounganishwa kwa utepe haihitaji fataki.

Baa yetu ni ya makuti, wazi pande zote. Haya yanatuhusu?

Kwa ndani mna bahati. Makuti yanafyonza vizuri, na pasipo na ukuta hapana cha kurudisha sauti. Shida yenu ni ya nje: makuti hayazuii chochote, kila mnachokipiga ni cha mtaa mzima. Kwenye uwanja mtupu sauti hushuka desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili. Spika inayotoa 90 ukiwa mita 1 mbele yake, inatoa 84 kwenye mita 2, 78 kwenye mita 4, na ukiendelea hivyo utakuta 60 kwenye mita 32. Kwenye mita 128 bado ni 48. Jirani wa nyumba ya nne ana haki ya kukuchukia.

Nina runinga nne, kila moja chaneli yake. Nifungulie sauti zipi?

Moja tu. Au hakuna. Runinga mbili zenye sauti sawa huongeza desibeli 3 tu kwenye kipimo, lakini kwenye sikio ni zogo, kwa kuwa ubongo unajaribu kufuata watangazaji wawili kwa pamoja. Ukiongeza muziki wa dijei juu yake, mteja anakunywa moja na kuondoka bila kujua nini kilimchosha.

Amua kwa siku. Siku ya Simba na Yanga, mtangazaji ndiye mwenye ukumbi, muziki unazimwa hadi filimbi ya mwisho, mapumziko muziki kidogo. Siku ya mechi ambayo nusu ya wateja hawana habari nayo, picha bila sauti, muziki chini. Siku isiyo na mechi, zima skrini. Runinga inayoonyesha matangazo ya sabuni kwa watu waliokuja kuongea inawavuta macho tu, na kila macho yakivutwa mazungumzo yanakatika. Hili wenye baa hawapendi kulisikia, maana runinga iliyozimwa inaonekana kama pesa iliyolala.

Bora zaidi, gawa eneo. Upande wa kaunta uwe na skrini na sauti, upande wa familia au wa nyama choma usiwe na skrini hata moja. Hakikisha spika za pande hizo mbili zina vitufe tofauti vya sauti.

Sauti ya mtangazaji inasikika mara mbili, kama yuko kisimani. Tatizo nini?

Umeacha spika za runinga zikilia pamoja na spika za ukumbini. Runinga huchelewesha sauti yake kidogo ili ilingane na picha inayoichakata, wakati amplifaya imechukua sauti moja kwa moja kwenye king'amuzi. Tofauti ni ndogo sana ukiitaja kwa sekunde, ila sikio linaikamata. Ingia kwenye mipangilio ya runinga, zima spika za ndani, bakiza njia moja. Kama sasa sauti inatangulia mdomo wa mtangazaji, chukua sauti kutoka tundu la kutolea sauti la runinga badala ya king'amuzi, au washa hali ya michezo ya video kwenye runinga, ambayo hupunguza uchakataji wa picha.

Chanzo cha pili ni umbali. Sauti husafiri kama mita 345 kwa sekunde katika hewa ya joto letu. Spika ya mbele na ya nyuma zikiachana mita 20, aliyekaa nyuma anasikia ya mbele ikichelewa kwa milisekunde 58 hivi. Mikisa za kisasa zina sehemu ya kuchelewesha spika za nyuma. Weka milisekunde 3 kwa kila mita.

Kwa nini baa ya jirani inashangilia goli kabla yetu?

Kwa sababu wao wanatumia dishi na nyinyi mnatazama kupitia intaneti. Picha ya intaneti hukatwa vipande na kuhifadhiwa kidogo kabla ya kuonyeshwa, na inaweza kuchelewa nusu dakika au zaidi. Hakuna cha kurekebisha kwenye runinga. Ukishindana na jirani, weka dishi.

Likitokea ndani ya baa yako mwenyewe, skrini ya kaunta ikifunga goli kabla ya ile ya bustanini, una ving'amuzi viwili au njia mbili. Tumia king'amuzi kimoja na kigawanyishi cha HDMI. Waya wa kawaida wa HDMI ukizidi mita 10 hadi 15 huanza kuleta picha inayokatika au nyeusi kabisa. Zaidi ya hapo tumia kisanduku kinachopitisha HDMI kwenye waya wa mtandao wa Cat6. Chagua kilichoandikwa kinafika mita 50 au 60, na usiunge waya katikati.

Runinga ya inchi ngapi, na niifunge juu kiasi gani?

Pima umbali wa meza ya mbali zaidi inayotakiwa kuona, gawa kwa 6. Jibu ndilo kimo cha picha unachohitaji ili mtu asome matokeo na dakika kwenye kona. Inchi 43 ina kimo cha sentimita 53, inatosha hadi mita 3 na kidogo. Inchi 55 ina sentimita 68, inafika mita 4. Inchi 65 ina 81, karibu mita 5. Kwa mpira tu bila kusoma maandishi, gawa kwa 8. Baa nyingi hununua moja kubwa na kuiweka mwisho wa ukumbi wa mita 12, halafu watu wanakodoa macho. Mbili za wastani zingefaa zaidi.

Ukingo wa chini uwe mita 1.8 hivi kutoka sakafuni ili mhudumu mwenye trei asikinge picha, kisha uinamishe mbele nyuzi 10 hadi 15. Usiielekeze dirishani. Nyuma ya runinga pima matundu manne ya skrubu kabla hujanunua breketi: milimita 200 kwa 200 au 400 kwa 400 ndiyo ya kawaida. Skrubu fupi kuliko inavyotakiwa ndiyo huangusha runinga, na ndefu kupita kiasi hutoboa paneli. Ukuta wa tofali za matundu hautaki plagi ya kawaida. Tumia bolti inayopita hadi upande wa pili. Na kila runinga iwe na kilinda umeme chake.

Spika mbili kubwa au ndogo nyingi?

Ndogo nyingi, karibu kila mara. Ukiwa na mbili kubwa pembeni, ili meza ya nyuma isikie lazima meza ya mbele iumie. Ukiwa na nane ndogo juu ya vichwa, kila moja inanong'ona.

Za darini hupangwa hivi: dari mita 3, sikio la aliyekaa mita 1.2, tofauti 1.8. Spika yenye mtawanyiko wa nyuzi 90 inafunika duara la kipenyo cha mara mbili ya tofauti hiyo, yaani mita 3.6. Weka spika moja kila mita 3.5 hivi. Tumia mfumo wa volti 100, ambao kila spika ina transfoma ndogo yenye kichaguzi cha wati. Nane zikiwekwa kwenye wati 6 ni wati 48, chukua amplifaya ya wati 60 au zaidi. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha. Juu ya kaunta weka wati 3, mhudumu anahitaji kusikia oda.

Amplifaya inachemka na kujizima usiku wa wikiendi.

Hesabu spika zilizounganishwa. Spika nne za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 2, na amplifaya nyingi za kawaida zinataka 4 kwenda juu. Ziunge mbili mbili kwa mfuatano, kisha jozi hizo sambamba, unarudi kwenye 8. Kosa lingine ni kuunga spika ya kawaida kwenye mfumo wa volti 100, haidumu. Na toa ile kanga iliyotandikwa juu ya amplifaya kuzuia vumbi.

Tumepunguza sauti, jirani bado analalamika. Anatuonea?

Pengine hapana. Ulichopunguza ni sauti nyembamba, kinachomfikia ni besi. Wimbi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7. Ukuta wa tofali moja halioni, bati wala dirisha halioni. Yeye hasikii wimbo, anasikia dum, dum, dum kwenye mto.

Fanya kwa mpangilio huu. Ondoa sabufa sakafuni, au iweke juu ya mpira mzito ili isitikise zege. Itoe kwenye kona, kona huikuza besi. Kwenye ekolaiza shusha vitufe vya hezi 63 na 125 kwa desibeli 6 hadi 10. Ikifika saa 4 usiku, kata kila kilicho chini ya hezi 80. Geuza spika zitazame ndani ya eneo lako, mgongo kwa jirani, ingawa ujue hii inasaidia sauti nyembamba kuliko besi. Halafu nenda nyumbani kwa jirani mwenyewe, simama chumbani kwake, piga simu baa washushe polepole hadi jirani aseme imetosha. Weka alama ya rangi kwenye kitufe hapo. Dijei anayepita alama anajulikana.

Sheria inasema desibeli ngapi?

Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Makazi ya kawaida ni 50 mchana na 35 usiku. Makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani, ambako baa nyingi ziko, ni 55 na 45. Karibu na hospitali ni 45 na 35. Mchana ni saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku.

Kenya inafuata kanuni za 2009, na huko usiku unaanza mapema: saa 2 na dakika moja. Eneo la biashara ni 60 mchana na 35 usiku. Makazi yaliyochanganyika ni 55 na 35. Mwenye baa aliyezoea Arusha akifungua tawi Nairobi, saa mbili zile zinamkuta hajajiandaa.

Naweza kupima kwa simu?

Kwa kujipima, ndiyo; kwa ushahidi, hapana. Kwa iPhone ipo programu ya bure ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ambayo ni ya kuaminika kiasi. Simu za Android zinatofautiana sana, linganisha kwanza na kipimo halisi. Chagua kipimo cha A, kinachofuata usikivu wa sikio na kuipunguza besi, soma wastani, si kilele. Simama mpakani mwa kiwanja chako, simu kimo cha kifua, mbali na ukuta, dakika 10 hadi 15, pasiwe na upepo. Kisha pima tena kwa C, ambacho hakiipunguzi besi hivyo. Ikizidi ile ya A kwa 15 au zaidi, tatizo lako ni besi.

King'amuzi cha nyumbani kinaruhusiwa baa?

Hapana. Kampuni za runinga za kulipia zina kifurushi cha biashara kwa kumbi za umma, na mkataba wa nyumbani haukuruhusu kuonyesha kwa wateja, hata kama kibanda umiza cha jirani kinafanya hivyo kila siku. Muziki nao unahitaji leseni chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Pa kuanzia kuuliza ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kununua wimbo mtandaoni si ruhusa ya kuupiga ukumbini.

Mimi ni mteja. Niombeje bila kugombana?

Mwite mhudumu, usipige kelele kutoka mezani. "Samahani dada, hii spika iliyo juu yetu mnaweza kuipunguza? Tuna mzee hapa hasikii vizuri." Taja spika moja, si "sauti". Ukisema sauti ipunguzwe, atakwenda kwa dijei na dijei atakataa. Ukisema spika, meneja anaweza kuizungusha kitufe au kukuhamisha. Ukichagua meza, kaa pembeni mwa ukumbi, mgongo kwa skrini, mbali na kaunta yenye blenda.

Mimi ni jirani. Nianzie wapi?

Kwa mwenye baa, mchana, akiwa hana wateja. Ikishindikana, andika tarehe, saa ya kuanza na kuisha, na chumba ulichosikia, kwa wiki mbili. Peleka kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, kisha afisa mazingira wa halmashauri, kisha ofisi ya kanda ya NEMC, taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Barua yenye majina ya kaya tatu hushughulikiwa haraka kuliko simu kumi za mtu mmoja.

Wahudumu wetu wanadai masikio yanawalia wakifika nyumbani.

Waamini. Kikomo kinachotumiwa sana ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa nusu: 88 saa 4, 94 saa 1, 100 dakika 15. Mteja anakaa saa mbili na kwenda zake, mhudumu yuko pale tangu saa 10 jioni. Kipimo cha haraka: kama inabidi umpaazie sauti mtu aliye umbali wa mkono mmoja, mmeshapita 85. Wapangeni kwa zamu, anayehudumia karibu na spika abadilishane na wa bustanini kila saa mbili, na wapeni vizibo vya masikio vya sponji. Wafundisheni kuvivaa: kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono mwingine, kisukume ndani, kishikilie hadi kivimbe. Kikiwa kimening'inia nje nusu nzima, hakizuii kitu.